Jinsi ya kujua kama sarafu yako ya zamani ina thamani au haina

Wakuu, kila siku kwenye magrupu ya kuuza na kununua nakuta mtu kaposti sarafu, picha kaipiga gizani haisomeki, chini kaandika "ya Mjerumani, milioni kumi, walio siriaz waje inboksi". Inaniuma kweli, maana mara nyingi sarafu yenyewe haikaribii hiyo bei na mtu anakaa nayo miaka akisubiri tajiri, au ni sarafu nzuri kabisa ila ameshaisugua mpaka imeharibika. Acha niandike jinsi ninavyozikagua.

Kabla ya yote, USISAFISHE. Sio majivu, sio ndimu, sio dawa ya meno, sio Brasso. Ile rangi ya kahawia au weusi uliotanda juu ni ya uzee, imejijenga miaka na miaka na wakusanyaji wanaitaka hiyo hiyo, ukiing'arisha wanaona mikwaruzo hata kwenye picha na bei inaporomoka palepale. Kama ina matope iloweke kwenye maji safi, ikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua, basi. Na uishike kwa ukingo, vidole vyenye jasho la Dar vinaacha alama.

Halafu soma maandishi, piga picha mchana karibu na dirisha uvute uone vizuri. Ukiona GUILELMUS II IMPERATOR na jamaa kavaa kofia ya chuma yenye tai, hiyo ni rupia ya Mjerumani. DEUTSCH OSTAFRIKA na taji ni zile heller, yaani sarafu ndogo za Mjerumani, mia moja ni rupia moja, zilizoanza 1904. Ukiona jina la mfalme wa Uingereza upande mmoja na simba na milima upande wa pili, hiyo ni shilingi ya Afrika Mashariki, ilianza 1921. Angalia pia herufi ndogo karibu na mwaka, A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora, maana vita ilipowabana Wajerumani 1916 walianza kutengeneza hela zao pale pale Tabora kwenye karakana ya reli. Hiyo herufi usiidharau, mwaka mmoja unaweza kuwa wa kawaida kwenye herufi moja na adimu kwenye nyingine.

Mwaka ndio unadanganya watu kuliko kitu chochote. Zile paisa za Zanzibar za Sultan Barghash, zenye mizani, zimeandikwa 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, mtu anasomewa anadhani ana kitu cha miaka mia saba! Ule ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882, na zilitengenezwa nyingi mno. Au ile reale kubwa ya silva yenye mwanamke, Maria Theresa, zote zimeandikwa 1780 hata zilizotengenezwa karne ya ishirini, kwa hiyo mwaka peke yake hauthibitishi chochote.

Na hapa ndipo penyewe: uzee sio uadimu. Kinachopandisha bei ni ngapi zimebaki, ziko katika hali gani, na nani anazitaka. Senti kumi ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu mwaka huohuo, ina stori tamu sana lakini sarafu zenyewe zipo kibao na ni bei chee. Zile sarafu za shaba za Mjerumani zinazoitwa "pesa", za 1890 mpaka 1892, vilevile, na hata heller 20 za Tabora zinapatikana sana. Sasa ukikuta sarafu moja ya rupia MBILI, ile kubwa ya Mjerumani ya 1893 au 1894, tulia kabisa. Sarafu za Zanzibar za 1908 zenye mnazi, tulia, nyingi ziliyeyushwa. Na ile dhahabu ya Tabora, rupia 15 ya 1916 yenye tembo, zilitoka elfu 16 na kidogo tu, ila nakala feki ni nyingi kwa hiyo ipime kwanza, halisi ina gramu 7.17 hivi.

Kupima sio kazi, mizani ndogo ya dijitali inatosha, au kama uko Dar nenda kwa masonara wa mtaa wa Indira Gandhi umwombe mmoja akupimie. Rupia moja halisi ni gramu 11.66 ikiwa haijalika, silva asilimia 91.7, yaani silva yenyewe kama gramu 10.7. Shilingi ya 1921 hadi 1946 ni gramu 7.78 lakini silva ni robo tu, hata gramu mbili haifiki, na za kuanzia 1948 hazina silva kabisa. Zidisha na bei ya silva ya siku hiyo, hapo umepata bei ya chini ambayo usikubali kushuka. Weka na sumaku ya spika, ikinasa basi sio silva.

Hali yake sasa. Angalia sehemu zilizoinuka, kwenye rupia ni tai wa kofia na shavu, kwenye shilingi ni manyoya ya simba. Yakiwa bado yanasomeka uko vizuri, yakiwa yamelainika bei inashuka sana. Iliyotobolewa au kuchomelewa kwa ajili ya mkufu, na ziko nyingi, kwa kawaida inabaki na bei ya silva tu.

Za Nyerere za 1966, kama shilingi ya mwenge na thumni ya sungura, zilizotumika zina thamani ndogo, penda tu kuzitunza. Za silva za 1974, 25 ya twiga na 50 ya kifaru, hizo zina soko.

Bei itafute Numista kwanza, ile tovuti yenye orodha ya sarafu, kisha eBay ila angalia zilizoUZWA, sio zinazoombewa. Mtu akikwambia rupia ina zebaki, au inavuta mchele, na utoe hela ya kupima kwanza, mkimbie, ni tapeli. Na ukiokota sarafu za masultani wa Kilwa usizichimbue kuuza, vitu vya kabla ya 1863 vinalindwa na sheria ya mambo ya kale, wape taarifa Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, Dar.

Ukiamua kuuza, weka picha pande zote mbili mchana, uzito, upana kwa milimita, mwaka na ile herufi, hapo mnunuzi anayejua atakujibu kwa heshima.