Kutengeneza bafu kwa mikono yenu Goma: anzeni na maji yanakotokea

Mimi ni fundi karo, yaani vigae, huu mwaka wa kumi na mbili. Nimeweka karo za watu Himbi, Katindo, hata ng'ambo ya mpaka kule Gisenyi, Rwanda, na miaka yote hiyo bafu langu la Majengo lilikuwa simenti tupu yenye tundu kwenye kona. Mke wangu, Mama Amani, alinyamaza. Siku alipoacha kunyamaza aliniuliza mbele ya mkwe: "Papa Amani, hizo nyumba unazopamba, sisi tutahamia lini?" Kesho yake tukashika nyundo.

Kazi tumeifanya wawili, na mawazo mengi mazuri humu ni yake. Bafu letu ni mita 1.60 kwa 2.20, kuta za mawe ya lava zilizopigwa lipu. Kama nyumba yako ni ya mbao, hatua za ukuta zitabadilika, lakini za sakafu ni zilezile.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnaoga vipi

Kabla ya kwenda Birere kuuliza bei, jiulizeni maji yanawafikia vipi. Kwetu bomba hutoa maji usiku, na siyo kila usiku. Siku nyingine ni bidoni, madumu ya manjano, juu ya chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na mvua ikinyesha ni maji ya bati. Mimi nilikuwa nimechora dushi, yaani bomba la mvua, ya ukutani kama ya hoteli. Mama Amani akaitazama karatasi: "Na bidoni nitaiweka wapi?" Sikuwa na jibu. Tukachora upya: robine (koki) ya chini, sentimita 60 kutoka sakafuni, ili bidoni ya lita 20 isimame wima chini yake, pembeni, nafasi ya pipa lenye kifuniko, na dushi juu, kwa siku za neema.

Ukitaka dushi ya tanki, piga hesabu kwanza. Mita 10 za kimo cha maji hutoa shinikizo la bari 1 hivi. Tanki letu liko mita 3 juu ya kichwa cha dushi, basi tunapata bari 0.3 tu. Kichwa chenye matundu membamba kama sindano kitakudondoshea matone. Nunua chenye matundu makubwa, na tiyo, yaani paipu, iwe pana mpaka karibu na robine. Tanki la lita 500 likijaa, maji peke yake ni kilo 500; stendi yake isimame chini kwenye mwamba, usiiegemeze kwenye ukuta wa bafu.

Hatua ya 2: Fuateni maji mpaka mwisho wake

Goma haina mtandao wa mji wa kuchukua maji machafu. Kila nyumba na fose yake, shimo la maji machafu, na sisi tunakaa juu ya lava iliyoshuka Januari 2002 kutoka Nyiragongo, volkano yetu. Kuchimba mita moja ni kazi ya siku kadhaa kwa mtalimbo na nyundo nzito. Kwa hiyo kagua fose uliyonayo kabla ya kumwahidi mtu choo cha kukaa. Sisi tulitenganisha: maji ya choo yaende kwenye fose, ya kuoga yaende kwenye shimo la mawe pembeni, maana maji ya sabuni huijaza fose upesi. Usikubali fundi akuambie aelekeze choo kwenye ufa wa lava "kwa sababu haujai". Haujai kwa kuwa unachomwaga kinatafuta njia kuelekea ziwani, na ziwani ndiko tunakochota.

Hapa nakaza sauti. Usishuke shimoni. Watu wa Keshero na wa njia ya Sake wanaijua mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, inalala mabondeni na mashimoni bila rangi wala harufu. Fose nayo ina hewa zake zenye sumu, na nyingine zinawaka. Wazee hushusha mshumaa, ukizimika hawaingii. Tatizo ni kwamba mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa tayari imeshaanza kukulevya, na kwenye fose ya zamani moto unaweza kukulipukia. Sisi tulifunua kifuniko, tukakaa mbali, kisha tukapima kina kutoka juu kwa mti mrefu wa mkaratusi. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate, ita watu. Kumfuata ndiko kunakofanya wazikwe wawili.

Hatua ya 3: Vunjeni, kisha someni ukuta

Vaa miwani na buti, vipande vya lava hukata kama kioo. Tulishuka karibu sentimita 10 chini ya sakafu ya korido. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya mteremko. Ukutani, Mama Amani aligonga lipu yote kwa mpini wa mwiko wa ugali. Palipolia kama debe tupu alichora msalaba kwa mkaa, mimi nikabandua.

Tulikuwa na ufa. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku nyingi baadaye, na ukuta wetu ukapasuka mshazari kutoka pembe ya dirisha. Kabla ya kufunika ufa, ujue kama bado unatembea. Paka tonge jembamba la simenti juu yake, andika tarehe kwa msumari, usubiri. Likikatika, acha habari ya karo, tafuta mwashi aangalie msingi. La kwetu lilikaa miezi mitatu bila kukatika. Ndipo tukaupanua ufa kwa umbo la V, tukausugua, tukaulowesha, tukaujaza na kuuwekea waya wa kuku sentimita 20 kila upande chini ya lipu mpya.

Hatua ya 4: Tiyo

Ya kutoa maji ya dushi, milimita 50. Ya choo, milimita 100 au 110. Zote zishuke sentimita 2 kwa kila mita. Sifoni, mkunjo wa kwenye tundu la kutolea maji, ibakize maji ya kimo cha sentimita 5, ndiyo yanayozuia harufu; bafu likikaa bila kutumika yanakauka, mimina kikombe. Kwa maji ya mvua natumia plastiki tupu, kwa kuwa mvua ya hapa, ikipita kwenye moshi wa volkano, ina asidi inayokula chuma. Ziba ncha, jaza maji, weka alama ya chaki, lala. Asubuhi maji yakiwa palepale, piga picha ya kila tiyo kwa simu ndipo ufunike.

Hatua ya 5: Mteremko

Hii ndiyo kazi yenyewe. Bafu baya utalikuta na karo za bei, na maji yamesimama mlangoni.

Chukua tiyo laini inayoonyesha ndani, ijaze maji, toa mapovu yote. Mmoja ashike ncha moja, mwingine ya pili. Maji yanapotulia ncha zote mbili yako usawa mmoja. Zungusheni alama ukutani nzima, mita 1 juu ya sakafu ya korido, na vipimo vyote vishukie kutoka hapo. Ni nivo (pima maji) isiyoharibika, na ndiyo sababu kazi hii inataka watu wawili.

Sakafu ya dushi ninaipa sentimita 1.5 kwa mita. Kutoka mlangoni kwetu hadi sifoni ni mita 2, basi ni sentimita 3. Safu ya simenti ina unene wa 3 kwenye sifoni na 6 mlangoni, ongeza 1.5 ya gundi na karo, na bado bafu linabaki chini ya korido kwa zaidi ya sentimita 2. Ndiyo zile 10 tulizovunja.

Karai moja ya simenti kwa nne za mchanga. Mchanga wetu mweusi wa volkano unakunywa maji, uchekeche na uuloweshe kabla. Mchanganyiko uwe wa kukamata: ukiufinya unabaki na umbo la ngumi bila kudondosha maji.

Sasa aibu yangu. Sehemu ya nyuma ya choo niliisawazisha kwa jicho. Miaka kumi na miwili, jicho si linajua? Asubuhi Mama Amani akaja na chai iliyolala kwenye chupa, akaimimina mlangoni. Mstari wa kahawia ukatembea vizuri juu ya simenti ya kijivu, ukafika karibu na choo, ukapinda, ukaingia nyuma yake na kutulia, duara la ukubwa wa sahani. Akaliangalia, akaniangalia. "Hapa ndipo mbu watazaliwa." Simenti ilikuwa bado changa, nikaikwangua na kuijaza upya, safari hii kwa nivo. Tangu siku hiyo nabeba chai kwa wateja; maji meupe huwezi kuona yanapita wapi.

Funika kwa magunia yaliyolowa siku 7, na usiweke karo kabla ya siku 28. Mwezi mzima tulioga nyuma ya nyumba, ndani ya turubai. Amani ndiye pekee aliyefurahi.

Hatua ya 6: Ngozi ya kuzuia maji

Wateja wangu wengi hukataa kuilipia kwa sababu haionekani. Karo ikiwekwa vizuri bado viungo vyake hupitisha maji. Paka dawa ya simenti ya kuzuia maji mara mbili, brashi ya pili ikikata njia ya kwanza. Ipande ukutani sentimita 20 pande zote, na kwenye dushi hadi mita 1.80. Kila pembe iwekewe utepe wa kitambaa kati ya mpako wa kwanza na wa pili wa dawa hiyo.

Ikishakauka siku mbili, ziba sifoni kwa tambara ndani ya mfuko na mimina maji. Kwetu zilitosha bidoni tatu. Chora mstari kwa penseli maji yalipofika, urudi baada ya saa 24. Najua, bidoni tatu ni maji ya kuoga watoto. Mimina tu.

Hatua ya 7: Karo

Sakafu yetu ni mita za mraba 3.52, ongeza asilimia 10 ya kukata, inakuwa 3.9. Karo za sentimita 30 kwa 30 ni kama 11 kwa mita ya mraba, basi tulihitaji 44. Chagua za kukwaruza mguu. Zile za kung'aa ni za sebule.

Zipange kwanza bila gundi: nzima ziwe mlangoni, vipande vijifiche nyuma ya choo. Maji yatangulie kwenye ndoo, unga wa gundi ufuate. Koroga, acha dakika 5, koroga tena. Tandaza kwa mwiko wa meno ya milimita 8, mistari ielekee upande mmoja, na mgongo wa karo uupake pia. Kila karo ya tano au ya sita ninaibandua kutazama: ikiwa na mapengo, maji yatalala humo. Anzia ndani, tokea mlangoni. Zile nne za kuzunguka sifoni zikate mshazari. Acha milimita 3 kati ya karo, na milimita 5 pale sakafu inapokutana na ukuta. Ardhi yetu inatikisika, na karo zilizobanwa huinuka kama paa.

Ukutani, piga ubao ulionyooka kwenye mstari wa safu ya pili na uanzie hapo. Safu ya chini inakuja mwisho, ikikatwa kufuata mteremko.

Hatua ya 8: Viungo

Baada ya saa 24 jaza viungo, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana. Pembe zote, na mzunguko wa choo, ni silikoni, siyo simenti. Silikoni ipate siku nzima bila maji.

Karo sita zilizobaki ziko chini ya kitanda chetu, pamoja na ubavu wa boksi wenye namba ya rangi. Boksi la mwezi ujao, hata likiwa na jina lilelile, linaweza kuja na weupe mwingine.