MRI ya moyo kwenye Tesla 3 kwenda juu: jinsi ya kuifanya mashine ifuate pigo lenyewe

Wenzangu mnaofanya MRI ya moyo, yaani kuupiga picha moyo kwa mashine ya sumaku, hasa mliozoea Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) afu mkahamia Tesla 3, hii nawaandikia nyie. Moyo hautulii hata sekunde, kwa hiyo mashine haiwezi kupiga picha mara moja ikamaliza, inachukua vipande vya data kwenye mapigo mengi halafu inaviunga vionekane pigo moja, na ili viungane vizuri lazima ijue kila pigo limeanzia wapi. Alama inayoitafuta ni wimbi R, ile ncha ndefu kwenye ECG, mchoro wa umeme wa moyo. Ikiikosa, au ikiokota wimbi lingine ikadhani ndo R, picha inatoka na ukungu na ukishafika hapo hakuna cha kurekebisha zaidi ya kurudia.

Sasa kwa nini sumaku kubwa inatusumbua? Damu ina chumvi, inapitisha umeme, na ikipita kwa kasi ndani ya sumaku inazalisha volti yake yenyewe, zaidi pale kwenye tao la aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ambako inakimbia kwa kasi huku inakata uelekeo wa sumaku. Faraday alishaliwaza jambo hili mwaka 1832, akashusha nyaya kwenye mto Thames kutoka daraja la Waterloo kule London apime umeme wa maji yanayopita kwenye sumaku ya dunia, hakupata jibu la kueleweka ila wazo lake lilikuwa sawa kabisa. Volti hiyo inakua kadiri sumaku inavyokua: Tesla 3 ni mara mbili ya 1.5, Tesla 7 ni karibu mara tano. Na inatokea wakati damu inatoka moyoni kwa nguvu, yaani baada ya R, kwa hiyo inakaa juu ya wimbi T, lile linalofuata R kwenye ECG. T inanenepa, inapanda, mwisho inaizidi R kwa urefu na mashine inaanza kuhesabu T kama pigo.

Mlaze mgonjwa, iangalie ECG meza ikiwa bado nje, halafu ingiza meza polepole huku macho yako kwenye kioo kinachoonyesha ECG. Utaiona T inanyanyuka yenyewe bila mgonjwa kufanya kitu chochote. Ukimtoa inashuka. Ndo maana nasema na narudia, ECG ya ndani ya mashine ni ya kuitriga skani tu, yaani kuiambia ianze lini, usimwambie daktari kwamba ST (kile kipande kabla ya T) imepanda, na kama ni skani ya stresi, ile ya kuuchapisha kazi moyo kwa dawa, basi ongea na mgonjwa, muulize kifua kinamuuma au la, angalia kuta za moyo zinavyocheza, ukihitaji ECG ya kusomeka mtoe nje.

Kazi kubwa iko kifuani kwa mgonjwa kabla meza haijaingia, na hapa ndo wengi tunakimbia kwa sababu foleni ni ndefu. Mwanaume mwenye nywele kifuani nyoa, usibandike juu ya nywele ukategemea gundi itashika. Mwombe kwa heshima, "Mzee, naomba nikunyoe hapa kidogo ili mashine isikie moyo vizuri", hajawahi kunikatalia mtu. Kisha sugua ngozi kwa ile jeli yenye chenga mpaka mafuta na losheni vitoke, futa, acha ikauke, ndo ubandike. Elektrodi, yaani vile vibandiko vinavyosoma umeme wa moyo, ziwe zile za MRI, sio za wodini, na ziwe mbichi, ukikuta jeli yake imekauka tupa. Zibandike upande wa kushoto wa mfupa wa kifua na zikaribiane, manake zikiwa mbali nyaya zinazunguka eneo kubwa, na kila gradienti (zile sumaku za mashine zinazobadilika haraka) zinapowaka na kuzima zinazalisha kelele kwenye eneo hilo. Fuata mchoro wa mashine yako kwa sababu kila kampuni ina mpangilio wake.

Nyaya zisipige kitanzi, zisipishane, zisiguse ngozi tupu, weka kitambaa au pedi katikati. Hili sio la picha tu, waya uliojikunja juu ya ngozi unaweza kumuunguza mtu na yeye akavumilia akidhani ndo kawaida ya mashine. Mwambie mapema akisikia joto abonyeze kengele. Na betri ya kile kifaa cha ECG kisicho na waya icheki asubuhi, mimi iliwahi kunizimia katikati ya skani mgonjwa akiwa ameshabana pumzi mara kumi na mbili, ikabidi tuanze upya, na yule mama alikuwa amechoka kabisa.

Mashine nyingi siku hizi zinatumia vektakadiografia, yaani haziangalii urefu wa wimbi peke yake, zinaangalia na uelekeo wa umeme wa moyo. R ya kweli ina uelekeo wake na ile volti ya damu ina wa kwake, hapo mashine inaweza kuzitofautisha hata kama T ni ndefu. Ila lazima ijifunze kwanza meza ikiwa nje, mgonjwa ametulia, haongei, hajitikisi. Ukimwingiza kabla haijamaliza kujifunza inabeba kumbukumbu mbovu skani nzima.

Akishaingia, shika mambo mawili. Kwanza linganisha namba: kioo kinasema mapigo 140 na kihisio cha mapigo cha kidoleni kinasema 70, hapo inahesabu R na T zote, badilisha lidi (upande ambao ECG inasomwa kati ya elektrodi), tafuta yenye R ndefu na T fupi, ikishindikana mtoe ubandike upya. Pili angalia fremu ya kwanza ya skani ya sine, ile ya moyo ukicheza kama video. Triga ikiwa sahihi moyo unaanza ukiwa umejaa halafu unajikamua. Ukianza ukiwa tayari umejikunja, umetriga kwenye T. Na ikiwa inachanganya, mara R mara T, kingo zinakuwa na ukungu, ventrikali (chemba ya moyo inayosukuma damu) inaonekana kubwa pale ilipotakiwa kuwa ndogo, na asilimia ya damu inayotoka inasomeka chini kuliko ukweli. Mtu anaweza kuandikiwa moyo dhaifu kwa kosa la elektrodi.

Hesabu ya muda ni rahisi. Mapigo 75 kwa dakika ni milisekunde 800 kila pigo, ukitumia fremu za milisekunde 40 unapata 20. Ukitriga kwa mbele, yaani mashine inachukua data kwa dirisha la muda uliowekwa baada ya kila R, acha nafasi, weka kama 700, kwa sababu mtu akibana pumzi mapigo yanabadilika na pigo likiwa fupi kuliko dirisha lako mashine inaliruka linalofuata, skani ya sekunde 10 inaenda 20 na pumzi inaisha. Kwa hiyo mfanyishe mazoezi, "vuta, toa, usivute tena", na namba uichukue wakati amebana. Moyo ukienda mbio punguza segmenti, ile mistari ya data inayochukuliwa kila pigo. Mapigo yakirukaruka sana, kama mwenye atriali fibrilesheni, usipigane nayo, nenda kwenye skani za papo kwa papo, zisizohitaji kuunganisha mapigo.

ECG ikikataa kabisa tumia kihisio cha kidoleni, lakini kumbuka wimbi la damu linafika kidoleni limechelewa, robo sekunde hivi au zaidi. Kwa sine ya kurudi nyuma, inayochukua data mfululizo na kuipanga baadaye, sio shida sana, kwa picha za kuchelewa baada ya kontrasti ambazo unataka moyo ukiwa umetulia lazima uihesabu tena dilei, yaani muda wa kusubiri baada ya triga. Kidole chenye piko nyeusi au kilichopoa kinasoma vibaya, kipashe joto au hamia kingine.

Kwenye Tesla 7, ambayo Marekani iliruhusiwa kwa matibabu mwaka 2017 kwa kichwa, mikono na miguu na sio kwa moyo, watafiti wa Berlin walichukua njia ninayoipenda mno, wakausikiliza moyo. Maikrofoni kifuani inashika sauti ya kwanza ya moyo, ile "lub" ya mwanzo, na sauti haijali sumaku ina nguvu kiasi gani. Inakuja nyuma ya R kwa muda mfupi tu na haitangitangi kama ya kidoleni.

Ukimaliza bandua elektrodi taratibu, kagua ngozi chini ya kila moja kama kuna wekundu, afu andika kwenye faili ulitumia lidi gani na triga gani, atakaporudi mwakani mwenzako asianze kubahatisha.