Kabla hujasajili kampuni ya NDIS, amua kwanza utafanya kazi gani

Ndugu zetu wengi hapa Australia wameanza kama walezi wa kuajiriwa kwenye NDIS, yaani mpango wa serikali ya Australia unaolipia huduma za watu wenye ulemavu, wakashika kazi vizuri, sasa wanataka kampuni yao. Wanaponipigia, swali la kwanza huwa ni bei ya usajili. Siwezi kulijibu mpaka nijue unataka kumfanyia nani nini, kwa sababu bei, ukaguzi na hata idadi ya karatasi zote zinatokana na jibu hilo.

Jiulize pia kama usajili unauhitaji sasa hivi. Mteja ambaye fedha za mpango wake (bajeti ya huduma aliyopewa na NDIS) anazisimamia mwenyewe, au zinasimamiwa na msimamizi wa mpango, kwa huduma nyingi anaweza kumchukua mtoa huduma asiyesajiliwa. Yule ambaye fedha zake zinashikwa na wakala wa NDIS wenyewe ni lazima aende kwa aliyesajiliwa. Zipo kazi ambazo huzigusi kabisa bila usajili: kusimamia fedha za mipango, nyumba maalumu za walemavu, kuandika mipango ya kusaidia tabia, na huduma yoyote ambamo mteja anazuiwa kwa namna fulani. Lakini usajiliwe usisajiliwe, Kanuni za Maadili za NDIS zinakubana vilevile. Mtu asikudanganye kwamba asiyesajiliwa yuko huru.

Ukishaamua, ombi linajazwa kwenye tovuti ya Tume ya Ubora na Ulinzi ya NDIS, na ukishalifungua una siku 60 za kulimaliza. Humo utachagua makundi ya usajili, yaani aina za huduma unazotaka kutoa, na hapa ndipo watu wanapojiumiza. Wanaona orodha ndefu, wanatia alama kila mahali, "isije ikanipita." Usafi wa nyumba na usafiri ni kazi za hatari ndogo, hizo hupitia ukaguzi mwepesi wa nyaraka. Kumwogesha mtu, kumvalisha, kumpeleka matembezini kila wiki, hizo zinakupeleka kwenye ukaguzi mzito wa hatua mbili: kwanza nyaraka, kisha mkaguzi anakuja na kuongea na wafanyakazi na wateja wako. Ukiongeza huduma za mwili zenye ugumu mkubwa, kama kulisha kwa mrija au kuhudumia mtu anayepumua kwa mashine, unaongezewa moduli nyingine, yaani seti nyingine ya viwango vya kukaguliwa, juu ya ile ya msingi. Kama huna mtu aliyefundishwa kazi hiyo, alama hiyo umeitia ya nini? Makundi huongezwa baadaye biashara ikikomaa.

Ukituma ombi, Tume inakurudishia waraka unaoonyesha aina na upeo wa ukaguzi wako. Chukua waraka huo, omba bei kwa wakaguzi walioidhinishwa zaidi ya mmoja, ulinganishe. Anayelipa ni wewe, si Tume, na bei zao hutofautiana.

Sasa sera. Wapo wanaouza furushi zima la sera tayari, na si dhambi kununua. Dhambi ni kuliacha kama lilivyo. Nimeshika mafaili ambayo chini ya kila ukurasa bado kuna jina la kampuni nyingine, na ndani yake "mkurugenzi wa kliniki" ambaye kampuni ya watu watatu haina. Mkaguzi wa uzoefu huliona hilo kabla hajamaliza chai. Viwango vya msingi vimegawanyika mafungu manne: haki za mteja, uongozi wa kampuni, utoaji wa huduma, na mazingira ya huduma. Soma kila fungu, halafu andika kwa maneno yako nani anafanya nini kwako. Sera ya kurasa mbili inayofanana na kazi yenu inashinda ya kurasa arobaini isiyosomwa na mtu.

Utaona ninavyosema ukifika wakati wa mahojiano. Mkaguzi hamwulizi mlezi wako sera namba ngapi. Anamwuliza: "Mteja akianguka bafuni usiku, unafanya nini kwanza, na unampigia nani?" Mlezi akimgeukia bosi kabla ya kujibu, basi. Kila kipengele hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. 2 ndiyo ya kukidhi kiwango, 1 ni dosari ndogo utakayoandikia mpango wa marekebisho, na 0 ni dosari kubwa.

Mahali ninapowakalisha watu kwa muda mrefu zaidi ni kwenye suala la kumzuia mtu. Sisi tumelelewa tukijua kwamba kufunga mlango ili mtoto asitoke barabarani ni upendo. Kwenye NDIS, kufuli kwenye friji kwa sababu mteja anakula kupita kiasi ni kuzuia kwa mazingira. Dawa ya kumtuliza isiyotibu ugonjwa wowote aliopimwa ni kuzuia kwa dawa. Kumshika mikono, kumfungia chumbani peke yake, kumwekea kifaa asisogee, vyote vimo. Bila idhini na mpango ulioandikwa na mtaalamu, hilo ni tukio la kuripotiwa kwa Tume ndani ya siku 5 za kazi. Kama mtu ameumia, ni saa 24. Saa 24 pia ni kwa kifo, jeraha kubwa, unyanyasaji au kutelekezwa, na shambulio la kimwili au la kingono. Saa zinahesabika tangu wakuu wa kampuni wapate habari, kwa hiyo mlezi anayekaa na habari mpaka Jumatatu anakuwekea moto. Kumbukumbu za matukio hutunzwa miaka 7.

Kwa wafanyakazi, kila anayemhudumia mteja moja kwa moja, pamoja na wewe mkuu wa kampuni, awe na kibali cha uchunguzi cha NDIS, kinachoonyesha kwamba amechunguzwa na kuruhusiwa kufanya kazi hii. Kinatolewa na jimbo na kinadumu miaka 5. Kuwa na kadi hakutoshi: hakikisha umemuunganisha mfanyakazi na kampuni yako kwenye kanzidata ya uchunguzi, la sivyo kibali chake kikifutwa hutapata taarifa. Kila mmoja pia amalize somo la utangulizi la Tume, la bure mtandaoni. Weka cheti kwenye faili lake siku hiyohiyo. Bima usisubiri kuulizwa: ya dhima kwa umma, ya kitaaluma, na ya wafanyakazi kwa taratibu za jimbo lako.

Kampuni ambayo haijapata mteja bado nayo inakaguliwa, ila ukaguzi wake ni wa muda, na mkaguzi hurudi kazi ikianza.

Cheti kikitoka, kisome. Angalia makundi yaliyokubaliwa ni yapi, kuna masharti gani, na tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni miaka 3. Huduma ya kundi lisiloandikwa humo usiitoze fedha kama mtoa huduma aliyesajiliwa. Na kama ulipita njia ile nzito, weka kwenye kalenda ukaguzi wa katikati, karibu na mwezi wa 18, na uanze kuulizia bei mapema.