Namna ya Kupima Nadharia ya Ulimwengu Unaodunda kwa Kalamu na Kikokotoo

Wanafunzi wa kidato cha sita ninaowafundisha fizikia hapa Tabora huuliza mara kwa mara iwapo Mlipuko Mkuu ulikuwa mwanzo wa kila kitu, au kama ulimwengu ulisinyaa kwanza kisha ukadunda na kutanuka upya. Huwapa karatasi na kikokotoo, kwa sababu nadharia yoyote ya mvutano inayodai mdundo huo lazima ijibu maswali machache ya hesabu, na kila msomaji aliyesoma hisabati ya sekondari anaweza kuyauliza mwenyewe.

Hatua ya kwanza. Andika mlinganyo ambao Alexander Friedmann aliupata mwaka 1922 kutokana na nadharia ya Einstein, ukichukulia kuwa ulimwengu ni bapa, yaani nafasi yake haijapinda: H² = (8πG/3)ρ. Hapa H ni kiwango cha mtanuko, G ni namba isiyobadilika ya mvutano ya Newton, na ρ ni densiti ya vyote vilivyomo. Ukiweka H ya leo, takriban kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 3.26), yaani 2.3 × 10⁻¹⁸ kwa sekunde, utapata densiti ya karibu kilo 9 × 10⁻²⁷ kwa kila mita ya ujazo, ambayo ni sawa na atomi tano au sita za haidrojeni. Itunze namba hiyo.

Hatua ya pili. Ili ulimwengu udunde, lazima kusinyaa kukome kwanza, yaani H ifike sifuri kwa kitambo. Rudisha wakati nyuma uone kama inafika. Umbali ukipungua kwa nusu, densiti ya maada huongezeka mara 8 na ya mnururisho (nuru na miale mingine) mara 16. Kwa kuwa ρ inapanda bila kikomo, H nayo inapanda bila kikomo na haifikii sifuri kamwe, kwa hiyo hakuna mdundo.

Hatua ya tatu. Sasa badilisha mvutano wenyewe. Mfano ninaoupenda ni kosmolojia ya kwanta ya vitanzi, nadharia inayochukulia kwamba nafasi yenyewe imeundwa kwa vipande vidogo mno visivyogawanyika, ambayo Abhay Ashtekar, Tomasz Pawlowski na Parampreet Singh waliikokotoa mwaka 2006: H² = (8πG/3)ρ(1 − ρ/ρc), ambapo ρc, densiti ya juu kabisa inayowezekana katika nadharia hii, ni takriban kilo 2 × 10⁹⁶ kwa mita ya ujazo. Iite ρ/ρc kuwa x, kisha kokotoa x(1 − x). Kwa x ya 0.1 utapata 0.09; kwa 0.5 utapata 0.25, kwa 0.9 utarudi kwenye 0.09, na kwa 1 utapata sifuri, yaani H inafika sifuri densiti ikifika ρc. Kwa densiti uliyoitunza, x ni karibu 4 × 10⁻¹²³, na ndiyo maana leo nadharia hii haitofautiani na ya Einstein.

Hatua ya nne. Wengi huishia hapo, nami nawasihi wasiishie. Treni ikisimama katika stesheni ya Tabora, kusimama kwake pekee hakukuambii kama itaendelea hadi Kigoma au itarudi Dodoma. Vivyo hivyo, H kuwa sifuri hakutoshi. Ni lazima ujue H inabadilika kuelekea wapi. Katika kusinyaa H ni hasi na katika kutanuka ni chanya, hivyo kwenye mdundo dH/dt (kasi ambayo H inabadilika nayo kadiri wakati unavyopita) lazima iwe chanya. Ukitumia kanuni ya hifadhi ya nishati, na kasi ya nuru ikiwa 1, utapata dH/dt = −4πG(ρ + p)(1 − 2x), p ikiwa kanieneo. Weka x = 1: mabano ya mwisho yanakuwa −1, na jibu ni chanya kwa maada ya kawaida kabisa. Katika nadharia ya Einstein mabano hayo hayapo, kwa hiyo ulimwengu bapa ungehitaji ρ + p iwe hasi, sharti ambalo hakuna maada inayojulikana inayolitimiza. Hapa ndipo thamani ya nadharia mbadala inapoonekana.

Hatua ya tano. Mdundo mmoja si mizunguko, yaani kutanuka na kusinyaa kunakojirudia tena na tena. Richard Tolman alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba entropia (kipimo cha vurugu) hukua, hivyo kila mzunguko huwa mrefu kuliko uliotangulia, na ukihesabu kwenda nyuma unarudi kwenye mwanzo uleule. Uliza pia ni nini kitakachosimamisha mtanuko, ambao tangu 1998 tunajua unaongezeka kasi. Paul Steinhardt na Neil Turok walijibu yote mawili mwaka 2002 kwa nishati ya giza (nishati isiyojulikana asili yake inayouharakisha mtanuko) inayooza baada ya kuitawanya entropia.

Hatua ya sita. Angalia anga linasema nini. Tarehe 17 Agosti 2017, mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya nafasi yenyewe) kutoka kwa nyota mbili za nutroni zilizogongana yalifika takriban sekunde 1.7 kabla ya miale ya gama, baada ya safari ya miaka milioni 130 hivi. Nadharia mbadala inayoyapa mawimbi hayo kasi tofauti na ya nuru katika ulimwengu wa leo iondoe kwenye orodha yako. Modeli ya Steinhardt na Turok haiguswi na kipimo hicho, lakini inabashiri kwamba mawimbi ya mvutano ya awali, yaliyotoka mwanzoni mwa ulimwengu, ni hafifu mno kuonekana katika mnururisho wa mandharinyuma, yaani nuru ya kale zaidi inayojaza anga; yakionekana humo, nayo itaanguka.