Likizo ya Desemba na mtoto anayepanda darasa: ninavyosoma na wajukuu zangu barazani

Kila mwanzo wa Desemba shule zikifungwa, binti yangu aliyeko Dar es Salaam huniletea wanawe wawili. Mwaka jana mkubwa, wa kiume, alikuwa amemaliza darasa la pili anaingia la tatu. Mdogo, wa kike, alikuwa ametoka la kwanza anakwenda la pili. Hukaa kwangu hapa Makorora, Tanga, mpaka karibu na siku ya kufungua shule Januari, kama wiki tano hivi. Nimefundisha madarasa hayo mawili ya chini miaka 31 kabla ya kustaafu, kwa hiyo majirani nao hunipitishia wa kwao, na swali huwa lile lile: "Mwalimu, nimsomeshe nini likizo hii asije akaachwa na wenzake?" Nimeona niandike ninavyofanya, mwenye mtoto aanze hata leo jioni.

Darasa la kwanza na la pili, mzigo mkubwa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Akiingia la tatu masomo yanaongezeka, na mwalimu wa Sayansi anajaza ubao aya nzima juu ya mimea kisha anasema "nakilini". Huyo hana nafasi ya kurudi kwenye silabi. Mtoto anayesoma kwa kudonoadonoa, akikaa wiki tano hajashika kitabu, hata kile kidogo alichokuwa nacho kinalegea. Nimewaona wengi Januari wakikwama kwenye ukurasa waliousoma vizuri Novemba.

Siku ya kwanza simfundishi mtoto kitu. Nataka kujua amefika wapi. Namtolea kitabu cha darasa alilotoka na kingine ambacho hajawahi kukiona. Hiki cha pili ndicho chenye habari, maana kitabu cha shuleni pengine amekikariri. Nachukua punje tano za mbaazi, naziweka mkekani mbele yangu. Anasoma kwa sauti ukurasa mmoja. Kila neno linalomshinda, nasogeza punje moja pembeni, kimyakimya, nami namtajia neno aendelee. Punje zikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho ni kizito kwake kwa sasa. Nakiweka kabatini na kumtafutia chepesi zaidi. Kikitoa punje moja au mbili, hicho ndicho cha kuanzia. Wazazi wengi hukosea hapa: wananunua vitabu vyote vya darasa linalofuata na kumkalisha mtoto navyo tangu wiki ya kwanza. Mtoto anaanguka kila mstari, na kufikia katikati ya Desemba ameshachukia kusoma. Mpe kitu anachokiweza, apate kasi kwanza.

Muda ni dakika 15, kila siku, saa ile ile. Kwangu ni baada ya alasiri. Asubuhi wanakwenda chuoni, yaani madrasa, mchana jua la kaskazi linaunguza hata baraza, na jioni nawaachia wacheze chini ya mwembe mpaka magharibi. Dakika 15 za kila siku nimeziona zikifanya kazi kuliko saa mbili za Jumamosi. Ijumaa tunapumzika. Wakati wa kusoma redio inazimwa, simu yangu naigeuza kifudifudi, nakaa upande wa mtoto ili tuone ukurasa mmoja. Mtoto anajua unapomsikiliza na anajua unapojifanya. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kukaa hapo akasikiliza na kuuliza, "Ehe, halafu?"

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalisisitiza kuliko mengine. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Mtoto akishazijua irabu tano na namna ya kuzibandika kwenye konsonanti, anaweza kutamka karibu kila kitu. Ni neema kubwa, lakini ndani yake kuna mtego: anaweza kutamka ukurasa mzima bila kujua umesema nini. Mjukuu wangu mkubwa alinisomea habari ya mvuvi kwa sauti safi kama mtangazaji. Nikamuuliza, "Mvuvi alirudi nyumbani na nini?" Akajibu bila kusita, "Samaki." Ukurasa ulisema mvuvi aliinua dema akalikuta tupu. Samaki alimtoa kwenye picha.

Sikumgombeza. Niliifunika picha kwa kiganja, nikamwambia arudie sentensi ile moja. Akarudia, akanyamaza, kisha akauliza, "Bibi, dema ni nini?" Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mtoto wa mjini angelijulia wapi dema? Kesho yake asubuhi tukashuka soko la samaki la Deep Sea, akaliona kwa macho yake, mtego wa kusukwa wa kunasia samaki, akaingiza mkono mlangoni mwake. Aliporudi akausoma ukurasa ule upya, na safari hii sauti yenyewe ilibadilika alipofika kwenye neno "tupu".

Kwa hiyo usimuulize mtoto, "Umeelewa?" Atasema ndiyo, ni adabu yake. Uliza kitu ambacho jibu lake limo ndani ya maneno: nani alikasirika, kwa nini alirudi, kilivunjika nini. Akimaliza, mtume akamsimulie mtu ambaye hakuwepo. Wangu humsimulia babu yao, na babu huuliza maswali mengi kwa kuwa kweli hajui hadithi inakwendaje.

Jambo la pili ni maneno marefu. Neno letu moja hubeba sentensi nzima, na hayo ndiyo yanayomwangusha mtoto wa darasa la pili na la tatu. Nakata kipande cha boksi la majani ya chai, upana wa vidole viwili, mtoto analifunika neno na kulifungua silabi moja moja. Hapa nitasimulia kilichotokea. Mama yao huwatumia ujumbe kila jioni kwenye simu yangu, nami siwasomei, wanasoma wenyewe. Siku moja aliandika: "Jana tulipokukumbuka tulicheka sana." Mkubwa akasoma "tulipokumbuka". Nikamuuliza, "Walimkumbuka nani?" Akasema, "Mama hajasema." Nikaliandika neno lile kwenye daftari kwa herufi kubwa za kutosha, nikampa kipande chake cha boksi. Akafungua: tu, li, po, ku, ku... Akasimama. "Ziko ku mbili, bibi!" Nikamwambia, "Ile ya kwanza ni mtu. Ni nani?" Akaangalia simu, akaangalia daftari. "Ni mimi."

Tangu hapo tulicheza na vipande hivyo kila siku. Nasema "nilikupikia", yeye abadilishe mpikaji na mpikiwaji: ulinipikia, tulimpikia, waliwapikia. Anaandika kila moja chini ya mwenzake, anapigia mstari kipande kilichobadilika. Mtoto akishaona kuwa silabi hizo ndogo ni watu na nyakati, neno refu halimtishi tena.

Kuna makosa madogo ambayo nayarekebisha papo hapo, nayo ni machache. Ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe": mwonyeshe ile alama ya juu na amtaje ng'ombe mara tatu. Irabu mbili: "choo" na "cho", "kaa" na "ka", avute sauti. M na n zinazosimama peke yake: "mtu" ni m-tu, wala si mu-tu, na "nchi" ni n-chi. Mpigishe makofi. Mbu ni makofi mawili, m-bu. Mbuzi pia ni mawili, mbu-zi. Kwa wale wanaochanganya r na l kwa sababu ya lugha ya nyumbani, sahihisha katika maandishi na umwache azungumze. Makosa mengine nayaacha yapite mpaka mwisho wa ukurasa. Ukimkatiza kila neno atapoteza hadithi.

Mnauliza vitabu vitoke wapi. Anza na vilivyomo ndani. Kanga ni kitabu. Mjukuu wangu mdogo alijifunza kwenye kanga iliyoanikwa uani: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Maandishi ya kanga ni ya herufi kubwa, na watoto wengi wa darasa la kwanza wanazijua vizuri herufi ndogo kuliko hizo, kwa hiyo R na G zilimsumbua. Tuliandika mstari ule ule kwa herufi ndogo chini ya daftari, akaoanisha moja moja. Baada ya wiki hakuna mwanamke aliyepita mtaani ambaye hakusomwa mgongoni. Pia kuna mfuko wa unga, boksi la chumvi, karatasi ya dukani. Mtume mtoto dukani na vitu vinne ulivyoviandika, amsomee mwenye duka mwenyewe. Safarini kutoka Dar mkubwa alipewa daftari aandike majina ya vibao: Mlandizi, Chalinze, Mkata, Segera, Muheza. Alifika na majina 19, matatu yamekosewa, tukayasahihisha kwa chai.

Vitabu vya hadithi vinapatikana maktaba ya mkoa. Ulizia sehemu ya watoto. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni, na kuvisoma ni bure. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi fupi za Kiswahili, nazo ni bure. Nazipakua nikiwa na bando, tunasoma baadaye hata mtandao usipokuwepo. Lakini simu ina mambo mengi ya kumvuta mtoto, kwa hiyo ninayoipenda naiandika kwa mkono kwenye karatasi, sentensi moja kila ukurasa, watoto wanachora picha.

Na kuna kitabu ambacho hakipatikani dukani. Mdogo anasimulia, mimi naandika vile vile anavyosema, bila kumtengenezea. "Leo embe limemwangukia kuku. Kuku amekasirika." Nikishona kurasa kwa uzi, anakisoma kitabu hicho mara kumi kwa siku bila kuambiwa, maana kila neno ni lake. Vitendawili navyo tunaviandika kwenye vikaratasi na kuvitia kwenye kopo. Anayetoa anasoma, "Kitendawili!" Wenzake, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Huyo anayetaka kutega lazima asome, na hakuna aliyemlazimisha.

Ukiwa na watoto wawili usiwasomeshe pamoja wala usiwapime mmoja kwa mwenziwe. Wangu kila mmoja ana dakika zake. Alhamisi mkubwa anamsomea mdogo hadithi, na hilo linampa sababu ya kusoma kitabu chepesi bila kuona haya.

Kuna anayepanda darasa hajui hata kuunganisha silabi. Wapo, na ni wengi kuliko tunavyokiri. Mzazi wa mtoto huyo nakusihi: usimpige na usimtangaze kwa jirani. Rudi kwenye ba, be, bi, bo, bu, lakini uanze na jina lake mwenyewe na majina ya anaowapenda. Kata silabi kwenye karatasi azipange sakafuni: ma, ma, ba, ba, ku, ku. Wiki tano zinatosha kumtoa pale alipo kama mtakaa kila siku. Ukiona anasogeza kitabu mpaka puani, au anafumba jicho moja, mpeleke akapimwe macho kabla hujasema ni mvivu. Niliwahi kukaa na msichana muhula mzima nikidhani hajali. Alikuwa haoni ubao. Hilo bado linaniuma.

Kwa wale ambao watoto wao wako shule za Kiingereza, asome lugha zote mbili, ila siku tofauti. Ukichanganya, atasoma "made" kama ma-de, naye hana kosa, anafuata kanuni ya Kiswahili.

Wiki ya mwisho ndipo vitabu vya darasa jipya vinapotoka kabatini. Tunavivalisha jalada la kaki, mtoto anaandika jina lake na darasa lake jipya, na hapo utamwona anavyojinyoosha. Tunasoma orodha ya yaliyomo tu, achague mada moja anayoitamani, tusome ukurasa wake wa kwanza. Mkubwa alichagua wanyama.

Jioni ya mwisho kabla ya basi nilimtolea ukurasa ule uliomshinda siku ya kwanza, ambao punje tano zilikwisha hajafika nusu. Nikaziweka tena mkekani. Akasoma mpaka chini, nikasogeza mbili. Nikamuuliza maswali matatu, akayajibu yote, na la tatu alinionyesha na mstari kwa kidole. Kisha akaziokota punje zote tano, akazirudisha mwenyewe kwenye kopo la mbaazi, maana tulikuwa tunazipika za nazi usiku ule.