Pistoni ya Subaru ya turbo imekufa au la? Pima kabla hujashusha injini

Nitazungumzia injini za Subaru za EJ20 na EJ25 za turbo, kwa sababu ndizo zinazojaza karakana yangu hapa Nairobi: Forester SG5, Legacy BP5, Impreza WRX. Nyingi zilitengenezewa barabara za Japani, ambako petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Super yetu ya kawaida haifiki hapo. Sasa mtu anaagiza gari, analifunga egzosi ya inchi tatu na filta ya wazi, anapakia ramani ya bosti (maagizo ya kompyuta ya injini kuhusu petroli, moto wa plagi na hewa inayosukumwa na turbo) aliyoipata kwa rafiki, halafu anapanda nalo kutoka Mai Mahiu hadi Limuru mguu ukiwa chini. Kinachovunjika kwanza, mara nyingi, ni ule ukuta mwembamba wa pistoni unaotenga ringi ya kwanza na ya pili.

Ubaya wa ukuta huo ni kwamba ukivunjika gari bado linatembea. Linatetemeka kidogo asubuhi, linakula oili, linamisi likiwa baridi kisha linatulia. Mwenyewe anabadilisha koili, anabadilisha plagi, wengine wananunua hadi turbo nyingine, na pistoni inaendelea kukwaruza silinda wakati wote huo.

Kabla ya yote, usikate betri. Kompyuta ya nyingi ya injini hizi hukumbuka noki ilizosikia, yaani mchanganyiko wa petroli ukilipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua vizuri. Ina namba inayoonyesha bado inaiamini ramani yake kwa kiasi gani: injini yenye afya hukaa kwenye 1.0, au 16 kutegemea programu unayosomea, na kila ikisikia noki nzito inaishusha. Ukitoa waya wa betri, namba hiyo inarudi mwanzo na ushahidi umekwenda. Chomeka kebo, isome, soma pia jedwali la noki alilojifunza gari, maana linakuonyesha ni kwenye mizunguko ipi na mzigo upi mambo yaliharibika. Piga picha uweke kwa simu. Utaihitaji baadaye, ukianza kubishana na aliyetengeneza ramani.

Kisha tazama moshi, lakini usiuamini sana. Injini hizi ni za boxer, yaani silinda zake zimelala ubavu. Ukiliegesha gari kwenye mteremko, oili hujikusanya upande mmoja na asubuhi utaona wingu la buluu ambalo si kosa la mtu. Turbo yenye sili mbovu hupenda kutoa moshi baada ya injini kunguruma polepole muda mrefu kisha ukanyage. Pistoni iliyovunjika hufukuza gesi kwenda chini, kwenye sampu (bakuli la oili), na hilo linapimika bila hata spana: injini ikiwa na moto na inanguruma polepole, fungua kifuniko cha oili, vuta glavu ya mpira juu ya mdomo wake uikaze kwa raba. Kwenye injini nzima glavu inalala au inavutwa ndani kidogo. Kwenye injini yenye ukuta uliovunjika inasimama vidole vyote vitano, na ukikanyaga gesi inatikisika. Fungua pia mpira wa intakula, tazama oili iliyotuama. Oili huko ndani yaweza kutoka turbo au kutoka sampu, kwa hiyo peke yake haisemi lolote. Ikiambatana na glavu iliyosimama, inasema mengi.

Sasa kompresheni, yaani kupima kwa geji jinsi kila silinda inavyogandamiza hewa. Injini iwe moto wa kawaida. Toa rilei ya pampu ya petroli, chomoa koili zote, toa plagi zote nne kwa soketi ya 16. Za nyuma zinabana kati ya hedi na chesisi, toa betri na chupa ya maji ya wipa ujipe nafasi, usilazimishe. Unganisha betri ya pili yenye chaji, kwa sababu stata ikichoka katikati vipimo vyako havilingani. Kaba, mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, lazima iwe wazi kabisa. Zile za umeme, mtu akanyage huku wewe ukichungulia uone kipepeo kimefunguka kweli. Pigisha stata mizunguko ile ile kwa kila silinda, na tazama mshindo wa kwanza wa sindano ya geji. Ringi mbovu huanza chini kisha hupanda taratibu. Valvu isiyofunga huanza chini na kubaki chini.

Hapa ndipo mafundi wengi wa Nairobi wanapoua injini nzima kwa kalamu. Kitabu cha karakana cha EJ nyingi za turbo kinataka psi 142 hadi 171. Kitabu hicho hakikuandikwa mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, karibu asilimia 18 chini ya ile ya pwani, kwa hiyo injini ile ile ambayo Mombasa ingesoma 150, hapa itasoma kama 122. Ukimwambia mwenye gari kwamba 120 ni injini iliyokufa, umemwibia. Linganisha silinda na silinda. Kitabu kinaruhusu tofauti ya psi 7 tu. Mimi naanza kupata wasiwasi ikifika 15. Nikiona 124, 122, 125 halafu 93, sihitaji kitabu. Na hiyo ya 93, kwenye magari yanayofika kwangu, huwa silinda ya nne mara nyingi zaidi kuliko nyingine: ya nyuma, upande wa kushoto ukiwa umekaa garini.

Utaambiwa umwage oili kidogo ndani ya silinda upime tena. Kwenye injini iliyosimama wima ni kipimo kizuri. Kwenye boxer oili inalala chini ya silinda, inaziba upande mmoja wa ringi na kuacha mwingine, na jibu linakuwa la kubahatisha. Mimi naruka moja kwa moja kwenye kipimo cha uvujaji.

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: unajaza hewa ya kompresa kwenye silinda iliyofungwa, unaona kiasi gani kinapotea. Peleka pistoni ya silinda mbovu hadi juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, kwa kuzungusha boliti ya puli ya krenki kwa soketi ya 22. Mtu aishike kwa mpini mrefu wa soketi; hewa ya psi 100 ikiingia pistoni itataka kushuka, na mpini ulioachiwa unaruka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Geji ya pili ya kifaa hicho inakupa asilimia ya hewa inayopotea. Chini ya 10 ni salama, 20 ni wasiwasi, 30 na kuendelea fungua injini. Lakini asilimia ni nusu ya habari. Zima redio, zima kompresa ikishajaa, kisha weka sikio. Hewa ikipuliza mdomo wa oili, ni ringi, pistoni au silinda. Ikisikika kwenye kaba, valvu ya kuingiza. Ikitokea egzosi, valvu ya kutoa. Mapovu kwenye redieta, gasketi ya hedi. Pistoni iliyovunjika ukuta haizomei kidogo kidogo, inapuliza. Ukiweka kiganja kwenye mdomo wa oili unahisi upepo.

Kamera ndogo ya kuchomeka kwenye simu inasaidia, ila ijue mipaka yake. Itakuonyesha uso wa pistoni na mikwaruzo ya ukuta wa silinda. Ukuta wa ringi hautauona, umejificha pembeni. Nimeona watu wakipiga picha ya pistoni safi na kusema injini ni nzima, huku ringi ya pili ikiwa vipande. Plagi ya silinda hiyo ina maelezo zaidi: vitone vidogo vya kung'aa juu ya kaure ni alumini ya pistoni. Kata na filta ya oili, tandaza karatasi yake juani, pitisha sumaku. Kinachong'aa na hakishikwi ni alumini. Kinachoshikwa ni chuma, pengine ringi. Ukiona rangi ya shaba, una tatizo la beringi pia.

Angalizo kwa wenye pistoni za foji (zilizofuliwa, si za kumiminwa): mgongo wa pistoni hizo, ubavu ulio chini ya ringi, una nafasi kubwa kati yake na silinda kwa sababu hutanuka zaidi zikipata moto. Kugonga kwake asubuhi kunakokwisha injini ikipata joto ni kawaida yake. Usishushe injini kwa kelele hiyo.

Ukishafungua, usitupe pistoni. Isome kwanza. Kingo zilizochomwachomwa kama zilipigwa mchanga, pamoja na ukuta wa ringi uliokatika, ni noki: taimingi (wakati wa plagi kuwasha) imesogezwa mbele mno, oktani ndogo, au bosti iliyopanda kupita ilivyoamriwa baada ya kufungua egzosi. Tundu lililoyeyuka katikati, na ncha ya plagi imeliwa, ni moto uliowaka kabla ya plagi. Ukingo ulioyeyuka kwa silinda moja tu, peleka injekta zote zikapimwe, kwa sababu ramani mbovu kwa kawaida haichagui silinda moja. Filta ya wazi pia huweza kuifanya sensa ya hewa isome pungufu, injini ikaishiwa petroli pale inapoihitaji zaidi. Kwenye bosti kamili nataka mchanganyiko wa hewa na petroli uwe karibu 11 kwa 1, na nikiona 12.5 nazima. Mikwaruzo pande zote mbili za mgongo, hiyo ni joto au oili, wala si ramani.

Wengi hapa hununua injini ya Japani wakaifunga siku hiyo hiyo, na silaumu, hesabu ya pesa mara nyingi iko upande wao. Lakini injini hiyo ikipata injekta zile zile na ramani ile ile, itavunja ukuta ule ule. Na ukijenga ya kwako, badilisha kipoza oili kilichokaa juu ya filta. Vipande vya alumini hujibana humo mahali petroli na brashi havifiki, kwa hiyo usikioshe. Nunua kingine, na mpira wa oili wa turbo uende nacho.