SOMO: Mara yako ya kwanza kwenye mbio za dragi za braketi, hatua kwa hatua (maswali yote yaje hapa)

Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii peke yake nimejibu inboksi mara sita swali lilelile: "Gari langu ni la kawaida tu, nitafanya nini kwenye dragi?" Nimeamua kuandika mara moja, vizuri, ili anayeuliza nimwelekeze hapa. Tafadhali soma mpaka chini kabla ya kuuliza.

Kwanza tuelewane maneno. Dragi ni magari mawili kwenye njia iliyonyooka, yanaanza yakiwa yamesimama kabisa. Umbali ni robo maili, yaani futi 1,320 au kama mita 402, na njia nyingine hukimbia nusu yake, futi 660. Braketi ni aina ya dragi ambayo kabla ya kukimbia unatangaza gari lako litatumia sekunde ngapi. Namba hiyo tunaiita dayali. Mwenye gari la taratibu anaondoka kwanza, kwa tofauti ya dayali zenu. Yeye ametangaza 17.65, wewe 14.20: anakutangulia sekunde 3.45. Mkiwahi taa zenu sawa, na kila mmoja akakimbia namba yake ileile, mnafika mstari wa mwisho bega kwa bega.

Ndiyo maana gari la kupeleka watoto shule linaweza kulitoa gari lililojengwa kwa ajili ya mbio. Na usiwaze kutangaza muda mrefu ili upewe nafasi: ukikimbia haraka kuliko dayali yako, hata kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, umevunja dayali na umeshindwa. Hapa anashinda anayelijua gari lake.

Hatua ya 1. Soma kanuni za njia unayokwenda. Nyingi zinafuata za NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1951, lakini kila njia ina nyongeza zake.

Hatua ya 2. Toa kila kitu kisichofungwa: jeki, spea, chupa za maji, vitu vya chini ya kiti, vifuniko vya plastiki vya ringi. Kaza nati za magurudumu. Hakikisha betri imefungwa isitikisike, na injini haivuji mafuta wala maji.

Hatua ya 3. Ukaguzi. Suruali ndefu, viatu vya kufunika mguu, mkanda mzima, tairi zenye kashata (meno ya tairi). Kwa kanuni za NHRA, helmeti ni lazima gari likikimbia 13.99 au chini ya hapo kwenye robo maili. Mimi nasema vaa hata ukikimbia 18.

Hatua ya 4. Andika namba yako ya mashindano kwenye vioo kwa kiwi nyeupe ya maji. Dayali utaiongeza baadaye, ukishaijua.

Hatua ya 5. Maji. Kabla ya mstari wa kuanzia utaona sehemu iliyomwagwa maji. Ni ya wenye tairi laini za mbio, wanalowesha na kuchoma tairi ili zipate joto. Wewe mwenye tairi za barabarani PITA PEMBENI. Kashata zako zitabeba maji mpaka mstarini, utateleza wewe na atateleza anayekuja nyuma yako. Na zima AC ukiwa kwenye foleni, maana nayo inadondosha maji.

Hatua ya 6. Kujipanga. Mbele yako kuna mti wa taa. Juu kabisa kuna taa ndogo za jozi mbili: za kwanza, pri-steji, zinawaka gurudumu la mbele linapokata mwali wa kwanza wa mwanga unaopita kukatiza njia; za pili, steji, zinawaka ukisogea kama inchi 7 zaidi. Washa za kwanza, simama, vuta pumzi. Kisha sogea kidogo kidogo kwa breki mpaka za pili ziwake, na hapohapo ganda. Mara zote jipange hivyohivyo. Ukisogea nusu inchi zaidi leo na pungufu kesho, namba zako zitayumba na utalaumu injini bure.

Hatua ya 7. Mti. Baada ya wote kujipanga, taa tatu za njano zinashuka moja moja, kila moja nusu sekunde, kisha kijani. Ukisubiri kuiona kijani umechelewa. Ondoka unapoiona njano ya mwisho ikiwaka. Kufikia ubongo uuambie mguu na gari liitikie, kijani itakuwa imeshawaka. Ukiondoka mapema mno, inawaka nyekundu, umetolewa kwenye mbio.

Hatua ya 8. Majaribio. Kimbia mara mbili au tatu, na kila ukirudi chukua karatasi ya muda kwenye kibanda. Mstari wa juu ni muda wa kuitikia taa: 0.000 ndiyo kamili. Chini yake kuna muda wa futi 60 za kwanza, halafu vituo vya katikati, halafu muda wote na kasi. Futi 60 ziangalie sana. Zikibadilika kutoka 2.30 hadi 2.45, tatizo liko kwenye kuondoka kwako.

Hatua ya 9. Chagua dayali. Majaribio yakikupa 14.26, 14.21 na 14.23, andika 14.20. Usiandike ndoto.

Hatua ya 10. Raundi ya kwanza ya mtoano. Hapa ndipo mimi nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole.

Siku yangu ya kwanza, kwenye majaribio, taa zilishuka pamoja pande zote mbili. Nikazoea hivyo. Raundi ya kwanza nikapangwa na gari dogo lenye dayali 17.65, mimi 14.20. Tumejipanga, mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia umeshaanza kugusa mafuta. Njano za upande wake zikaanza kushuka. Zangu zilikuwa kimya, na nilijua zitakuwa kimya, hesabu niliifanya mwenyewe kwenye foleni. Lakini jicho liliona kijani, sikio likasikia injini ya jirani ikinguruma, na mguu ukaachia. Upande wangu ikawaka nyekundu wakati njano zangu hata moja haijashuka. Nilikimbia mpaka mwisho nikijua nimeshatoka. Mwezi mzima wa maandalizi uliishia pale, kwa kitu ambacho kingezuilika.

Kwa hiyo, kama gari lako ndilo la haraka:

Fanya hesabu ya tofauti kabla hujafika mstarini, na iseme kwa sauti. "Atanitangulia sekunde tatu na nusu." Ukishajipanga, kaza macho kwenye njano ya mwisho ya upande WAKO tu. Usimtazame jirani akiondoka. Njia nyingine zina kizuio kinachoficha taa za jirani, lakini usikitegemee, mngurumo wa injini hauzuiliki. Na usipandishe mzunguko wa injini mapema. Ukiushikilia sekunde tatu na nusu dhidi ya breki, gari linaweza kusogea na kukutoa. Subiri njano yako ya kwanza ndipo upandishe.

Kama gari lako ndilo la taratibu, hatari yako iko mbele: utamsikia anakuja nyuma kama radi. Usigeuke. Shika usukani, kimbia njia yako. Kuvuka mstari wa katikati ni kosa kubwa kuliko nyekundu.

Hatua ya 11. Baada ya mstari wa mwisho punguza taratibu, usikanyage breki ghafla, usikate mbele ya mwenzako. Aliye upande wa kutokea anatoka kwanza. Usigeuze gari kurudi kwenye njia ya mbio hata iweje.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

---

Gia ya Pili: Mkuu asante kwa somo. Gari langu ni cc 1300, nitashinda kweli na hawa wenye V8?

Mwandishi: Rudi juu, aya ya pili na ya tatu.

Gia ya Pili: Nimesoma lakini bado naona wao wana nguvu.

Mwandishi: Wana nguvu, na dayali zao ndogo zinaonyesha hizo nguvu. Wewe unatangulia kwa tofauti. Soma tena mkuu.

Mama Usukani: Shikamoo mwalimu. Mimi kuna kitu hakijaniingia. Nikichelewa kuondoka sekunde nzima baada ya kijani, muda wangu wa kukimbia nao unaongezeka sekunde moja?

Mwandishi: Marahaba dada. Swali zuri sana, na wengi wanakimbia miaka bila kulielewa. Jibu ni hapana. Saa ya kukimbia inaanza gurudumu lako linapoachia mwali wa steji, kijani haiiwashi saa hiyo. Ukikaa mstarini ukanywa chai, karatasi itaonyesha 14.22 kama kawaida, lakini muda wa kuitikia ndio utaongezeka. Anayefika kwanza anaamuliwa na vyote viwili.

Chukua mfano. Gari A dayali 15.30, limeitikia kwa 0.210 na kukimbia 15.32. Jumlisha 0.210 na kile kilichozidi dayali, 0.020, unapata 0.230. Gari B dayali 13.80, limeitikia kwa 0.080 na kukimbia 13.91: 0.080 na 0.110 ni 0.190. B ameshinda kwa 0.040. Ona kwamba A alikaribia dayali yake kuliko B, akapotezea kwenye taa. Kwa hiyo ukiwa na muda wa kufanya mazoezi, fanyia macho na mguu kwanza.

Mama Usukani: Sasa nimeelewa, Mungu akubariki. Na wote wawili tukivunja dayali?

Mwandishi: Aliyevunja kidogo anashinda. Wewe umevunja kwa 0.01, mwenzako kwa 0.04, umepita. Na mwenzako akiwasha nyekundu wewe usiwashe, hata ukivunja umeshinda. Kwa hiyo ukiona nyekundu upande wa pili, kimbia mpaka mwisho ujue gari lako leo lina nini.

Turbo Tu: Hiyo njia iko mbali. Si tunaweza kufanya mazoezi barabarani usiku gari zikiwa hazipo?

Mwandishi: Hapana.

Turbo Tu: Ni mazoezi tu lakini, siyo mashindano.

Mwandishi: Nimesema hapana. Barabarani kuna mwenda kwa miguu usiyemwona, hakuna gari la zimamoto, hakuna mtu wa kukuokoa. Mazoezi ya taa unafanya kwenye simu ukiwa kitini. Tusiendelee na hili hapa.

Fundi Mtaratibu: Mkuu, nasikia watu wakisema "jipange ndani". Wanasogea mpaka taa za pri-steji zinazimika. Faida yake nini?

Mwandishi: Hapo umegusa penyewe fundi. Ukijipanga kawaida, steji ikiwa ndiyo kwanza imewaka, gurudumu lina nafasi ya kubingirika kabla halijaachia mwali. Saa inaanza gari likiwa tayari linatembea, kwa hiyo muda wa kukimbia unatoka mzuri, lakini muda wa kuitikia unakuwa mkubwa. Ukijipanga ndani, nafasi hiyo unaila. Unaachia mwali mapema: kuitikia kunapungua, muda wa kukimbia unaongezeka kidogo, na hatari ya nyekundu inapanda. Wenye magari mazito ya kuondoka hulipenda. Ila ukichagua, chagua moja na dayali iendane nalo. Huwezi kupata dayali ukijipanga kawaida halafu ukakimbia ukijipanga ndani. Na uliza kwanza, madaraja mengine ya mashindano hayaruhusu.

Fundi Mtaratibu: Barikiwa. Nyongeza kwa wadau: mafuta kwenye tenki yawe kiasi kilekile kila raundi, na kati ya raundi nafungua boneti kwa dakika zilezile. Injini ikiwa na joto tofauti, namba nazo zinahama.

Mwandishi: Kabisa. Mimi naandika joto la injini kwenye karatasi ileile ya muda, kwa kalamu, pembeni.

Kanyaga Kidogo: Nipunguze upepo kwenye tairi zote nne hadi ngapi ili nipate mshiko?

Mwandishi: Ungesema kwanza gari linavuta mbele au nyuma. Tairi zisizovuta usiziguse. Zinazovuta, kama ni za barabarani, siku ya kwanza ziache kwenye kipimo cha mtengenezaji. Ukicheza na upepo, gia na dayali siku moja hutajua kilichobadilisha namba ni kipi.

Mama Usukani: Mwalimu, la mwisho. Majaribio yanafanyika mchana na mtoano unaweza kufika usiku. Dayali ya mchana inabaki?

Mwandishi: Haibaki dada, na hapo ndipo wengi wanavunja bila kujua. Hewa ya mchana ina joto, ni nyepesi, injini inapata oksijeni kidogo. Jua likizama hewa inapoa na kuwa nzito, gari linakimbia haraka zaidi. Angalia karatasi yako ya raundi iliyopita, hasa kasi ya mwisho. Ikianza kupanda na futi 60 hazijabadilika, hewa ndiyo imebadilika. Shusha dayali kabla ya kurudi kwenye foleni. Tembea na kitambaa na ile kiwi nyeupe ndani ya gari, ufute na kuandika upya. Mwambie na msimamizi wa foleni, maana namba ya kwenye kioo na ya kwenye ubao unaoonyesha dayali lazima zilingane kabla hujajipanga. Ubao ukionyesha tofauti, usiwashe steji. Nyoosha mkono nje ya dirisha, wataona.

Mama Usukani: Kitambaa na kiwi, nimeandika. Nikirudi nitaleta karatasi zangu hapa tuzisome.

Mwandishi: Zilete zote, hata za raundi uliyotolewa. Hizo ndizo ninazotaka kuziona kwanza.